Galoni Nane

Siku ya tano tangu boti ya Sabir ipotee, Inspekta Mulki aliingia kituoni saa mbili za asubuhi akakuta jalada lake limebadilishwa jina. Jana lilikuwa jalada la watu waliopotea baharini. Leo, kwa kalamu nyeusi, limekuwa jalada la wizi.

"Nani kaandika hivi?" aliuliza.

"Mimi," alijibu Kamanda Rashad kutoka meza ya pili. "Kaa, Mulki."

Hakukaa. Rashad alikuwa mkubwa wake wa kazi, mtu wa hamsini hivi, aliyekulia Uingereza baada ya wazazi wake kukimbia vita, akarudi Kismayu na vyeti viwili na tabia ya kupiga hesabu kila kitu kwenye karatasi. Alikuwa na karatasi mbele yake sasa.

"Sabir kaondoka hapa Jumapili alfajiri," alisema. "Boti si yake, ni ya ushirika wa wavuvi. Mashine mpya, nguvu za farasi arubaini. Kasema anampeleka mkunga Burgao. Burgao hawakufika. Mpaka hapo tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Kachukua galoni nane za petroli. Galoni moja ni lita nne na nusu. Nane ni lita thelathini na sita. Mashine ile hunywa lita ishirini kwa saa. Yaani ana mafuta ya saa mbili kasoro. Kwenda Burgao ni saa sita na nusu." Aliweka kalamu chini. "Mtu aliyezaliwa baharini hawezi kukosea hesabu hiyo. Hakuwa anakwenda Burgao. Alikuwa anakwenda mahali karibu, kwa mtu anayemngoja, kuuza boti."

"Na mkunga?"

"Mkunga ndiye anayeniumiza kichwa. Labda alidanganywa apande, labda alikuwa pamoja naye."

Mulki alimjua mkunga huyo kwa sifa. Wardah aliacha kazi ya mshahara mzuri mjini Mombasa akarudi kuzalisha wanawake wa visiwani, na njia ya nchi kavu ilivyokuwa haipitiki kwa usalama, hakuna aliyehesabu mara alizopanda boti na sanduku lake la dawa. Huyo hakuwa mtu wa kugawana pesa za mashine.

"Boti ya doria inaendelea kutafuta?" aliuliza.

"Mpaka saa sita. Wamepekua pwani yote kutoka hapa hadi Koyama, mara mbili. Zaidi ya hapo hakufika, na mafuta ya serikali si ya kuchezea. Saa sita wanarudi." Alimsukumia kijikaratasi. "Halafu kuna hii. Soko la samaki kuna mtu anauza mashine ya farasi arubaini. Kaitazame. Na ukimaliza, kamlete mke wa Sabir tumhoji. Mwenyekiti wa ushirika anasema lazima anajua."

Mwenyekiti wa ushirika aliitwa Aboud. Jana, watu walipokuwa wanatoka msikitini baada ya swala ya alasiri, alisimama akasema mbele ya wote kwamba Sabir ni mwizi na atakayemficha ni mwizi mwenzake. Mulki alikuwepo. Aliwaona wanaume wakitazama viatu vyao.

*

Mashine ya soko la samaki haikumchukua hata robo saa. Ilikuwa ya farasi arubaini kweli, imeegemezwa kwenye ukuta wa ghala la barafu na kufunikwa gunia. Mulki alilifunua, akapiga magoti, akasugua kibati cha pembeni kwa kidole chenye mate mpaka namba zikaonekana. Akazilinganisha na picha ya risiti ya ushirika iliyokuwa kwenye simu yake. Hazikukaribiana hata tarakimu mbili. Mwenye mashine, aliyekuwa ameanza kutokwa na jasho, alionyesha hati zake zote bila kuombwa.

"Imekuwa na wewe tangu lini?"

"Miaka mitatu, Inspekta. Muulize yeyote hapa."

Aliwauliza watu wawili, mmoja mmoja, mbalimbali. Miaka mitatu. Akasimama, akakung'uta magoti, akapanda bajaji kwenda bandarini.

Chumba cha uokozi cha bandari kilikuwa na redio, ramani kubwa ukutani na feni isiyozunguka. Mulki alikuja kuomba boti ya doria iongezewe siku moja. Kijana wa zamu alimwambia hana mamlaka hayo, akampa taarifa ya utafutaji aisome wakati anangoja. Ilikuwa imeandaliwa na mshauri wa kigeni wa mambo ya bahari aliyekuja kwa wiki mbili na tayari alikuwa amekwisha ondoka.

Mulki aliisoma mara moja, kisha akarudi juu akasoma mstari mmoja tena.

*Mafuta: takriban lita thelathini.*

Akafungua jalada lake. Kwa mwandiko wa Rashad: *lita thelathini na sita.*

"Haya mafuta mliyapima?" aliuliza.

"Tungeyapima wapi, dada? Yalikwenda na boti. Tuliambiwa galoni nane na kituo chenu, mshauri akapiga hesabu. Kwao Marekani galoni ni lita tatu na kitu."

"Na kwa Kamanda Rashad ni nne na nusu."

Kijana akacheka kidogo. "Basi kila mtu na galoni yake."

Mulki hakucheka. Maneno yale yalimsimamisha pale pale alipokuwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyeona mafuta yale yakitiwa, naye hakuwa Mwingereza wala Mmarekani. Alikuwa Fuad, muuza petroli wa barabara ya kwenda forodhani. Mulki alifunua maelezo ya Fuad. Mistari minne, yamechukuliwa kwa simu, na neno *galoni* limo mara moja. Hakuna aliyemuuliza maana yake. Yeye mwenyewe pia hakuuliza. Alizaliwa kambini Mombasa, akasoma Mombasa, na nyumbani kwao chombo cha mafuta kiliitwa mtungi. Galoni aliijua kwenye daftari la hesabu tu, kwenye jedwali la vipimo lililochapwa nyuma ya jalada, baada ya futi na yadi.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Alitoka mbio akatafuta bajaji nyingine.

*

Kibanda cha Fuad kilikuwa cha mabati, na mbele yake mapipa manne yamesimama kwenye mbao. Fuad mwenyewe, Msomali mnene mwenye ndevu za hina, alikuwa amechuchumaa mbele ya jenereta iliyofunguliwa tumbo.

"Abaayo, dada Mulki, karibu. Ukitaka soda baridi huna bahati. Hii maiti hapa ndiyo inayoendesha friji."

"Bwana Fuad, nionyeshe galoni."

"Galoni gani?"

"Galoni uliyomuuzia Sabir."

Fuad alimtazama kama mtu aliyeombwa aonyeshe mchanga ufukweni. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akavuta kwa mpini chombo cha plastiki, kile kile cha manjano ambacho kila nyumba ya Kismayu inacho, akakiweka miguuni pake.

"Hii."

"Hii inachukua lita ngapi?"

"Ishirini. Wallahi hazipungui hata kikombe, ukitaka lete kipimo."

"Alichukua ngapi kama hizi?"

"Nane. Nilimwambia yule Kamanda wako kwa simu, galoni nane. Akasema asante, akakata."

Mulki alikaa kwenye kreti ya soda. Nane mara ishirini. Lita mia na sitini. Saa nane za mashine, na safari ni saa sita na nusu. Sabir alichukua mafuta ya kumfikisha Burgao, na akiba ya saa moja na nusu juu yake, kama afanyavyo nahodha yeyote mwenye akili na abiria ndani ya boti. Mwizi wao hakuwa na hila yoyote. Alisema anakwenda Burgao, na Burgao ndiko alikokuwa anakwenda.

Nje ya ofisi kila mtu alisema galoni. Ndani ya ofisi kila mtu alisoma lita. Kwa siku nne maneno hayo mawili yalipishana barabarani bila kusalimiana, na boti ya doria ikawa inapekua maji ambayo Sabir aliyapita kabla jua halijapanda.

"Una nini, abaayo? Umekuwa mweupe."

"Niambie alfajiri ile ilivyokuwa. Taratibu. Usiache kitu."

Fuad alipangusa mikono kwa kitambaa. "Kaja kabla sijafungua vizuri. Galoni zake mwenyewe, nane, safi. Nikaanza kumtilia kutoka pipa hili la mwisho. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu pipa likaisha, bomba likaanza kuvuta hewa. Nikaliinamisha pipa ili ijae. Halafu nikafungua pipa jipya, nikatia tano zilizobaki."

"Na kilichobaki kwenye pipa lile la zamani?"

"Chupa mbili hivi. Kitu kidogo, haifai kumuuzia mtu. Nilitia kwenye jenereta yangu."

Wote wawili waligeuka wakaitazama jenereta.

"Imekufa lini?" aliuliza Mulki polepole.

Midomo ya Fuad ilihesabu siku. "Jumapili," alisema. "Jumapili hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri."

"Nipe chupa tupu. Ya kioo, kama unayo."

Alimpa chupa ya soda. Mulki alimwambia afungue tangi la jenereta na amimine kilichokuwamo, kisha akaiinua chupa kwenye mwanga wa jua, wakangoja. Haikuchukua muda. Petroli ilipanda juu, nyekundu nyekundu. Chini yake, kama kidole kizima, kulitulia maji matupu.

Fuad alishika kichwa. "Mvua ya wiki ile! Kizibo cha pipa… Ya Rabbi, abaayo, mimi sikujua. Sikujua! Ningemtilia Sabir maji mimi? Mtoto wa jirani yangu?"

"Najua hukujua. Kama ungejua, usingetia kwenye mashine yako." Mulki aliifunga chupa akaitia mfukoni mwa koti. "Maji hukaa chini ya pipa. Ulipoliinamisha ilikuwa galoni ya tatu, una hakika? Si ya pili?"

"Ya tatu. Nililiinamisha pipa kwa mikono hii."

*

Mwanalima, mke wa Sabir, alikuwa uani anaanika magodoro ya wageni wasiokuwepo. Tangu jana baada ya alasiri hakuna jirani aliyekuja. Alipomwona Mulki mlangoni aliliacha godoro likaning'inia upande mmoja.

"Umekuja kunichukua," alisema.

"Niliagizwa hivyo. Lakini nina swali kwanza, Bi Mwanalima, na ukinijibu vizuri huenda tusiende popote. Ulikuwa forodhani siku ile?"

"Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyempokeza galoni. Baba yangu alikuwa nahodha, na kabla yake baba yake. Boti ikipakiwa mbele yangu, sikai nimekunja mikono."

"Zilipangwaje?"

Mwanalima alifikiri, kisha akachukua vikombe vya kahawa vilivyokuwa kwenye sinia, akavipanga sakafuni kwa mstari.

"Hii ni omo, mbele ya boti. Hii ni tezi, nyuma, kwenye mashine. Ukipakia, cha kwanza kinakwenda mbele kabisa, ili boti isikalie mkia. Halafu unarudi nyuma, unarudi nyuma. Cha mwisho kinakaa miguuni pa nahodha."

"Na vilifuatana hivyo hivyo vilipotiwa kwa Fuad?"

"Vilevile vilivyokuja. Vilikuja na mkokoteni, cha kwanza kutiwa cha kwanza kushushwa."

"Akitumia, anaanza na kipi?"

"Kilicho miguuni pake. Kwani mchu ataruka galoni saba aende mbele na bahari inapiga?" Mtu, kwa lahaja ya kwao, ni mchu.

Mulki alishuka naye sakafuni. Alikigusa kikombe kilichokuwa karibu na mashine. "Cha nane. Saa ya kwanza." Akahamisha kidole. "Cha saba. Cha sita. Cha tano. Cha nne. Saa tano zimepita, mashine inakwenda vizuri." Kidole kilisimama juu ya kikombe cha sita kutoka nyuma. "Cha tatu."

"Kina nini cha tatu?"

Mulki alitoa chupa mfukoni akamwonyesha. Mwanalima aliitazama. Alikuwa binti wa nahodha, hakuhitaji kuelezwa.

"Mashine ilizima," alisema.

"Kwa saa tano, na boti imebeba watu wawili na sanduku, angekuwa amefika wapi?"

"Kudhaa ni saa nne. Kwa saa tano ameipita Kudhaa zamani. Bado hajaiona Burgao." Sauti yake ilianza kupanda. "Lakini Sabir anajua mashine! Maji yakiingia anafungua kabureta, anakausha plagi, anaondoka. Nimemwona akifanya hivyo si mara moja. Kwa nini…"

Aliinuka ghafla akaingia ndani. Alirudi akiwa amefungua kiganja, na juu yake spana moja fupi ya bomba, iliyochakaa.

"Spana ya plagi," alisema. "Ilikuwa dirishani. Jumamosi aliwekea mlango huu komeo akaisahau hapo. Nimeipangusa vumbi juzi, nisifikirie kitu."

Kila mmoja alikuwa anaiona boti: mashine imekufa, mtu amepekua mfuko wa vyombo vyake hadi chini, pale hakuna simu inayoshika wala mnara.

"Bi Mwanalima, upepo ni kaskazi," Mulki alisema. "Boti isiyo na mashine, pale, itakwenda wapi?"

"Kusini, na kidogo kidogo kuelekea pwani." Alikuwa anaongea haraka sasa, kama mtu anayesoma. "Si bahari kuu. Ingekuwa kusi ningelia. Kaskazi inamsukuma kwenye vile visiwa vidogo kabla ya Burgao, vile visivyokaliwa na wachu. Viko vitatu vya maana. Kimoja kina mchanga upande wa bara, mtu anaweza kupandisha boti. Sabir anakijua. Amepikia chai pale."

"Hakuna mvuvi ambaye angewaona?"

"Upepo huu wa siku nne, nani katoka? Boti zote za Kudhaa ziko juu ya mchanga."

"Vaa buibui," Mulki alisema. "Unakuja bandarini. Si kuhojiwa. Unakuja kuonyesha kwenye ramani."

*

Rashad aliwakuta chumba cha uokozi saa tano na robo. Alikuwa ameitwa kwa simu na hakupendezwa. Mulki hakumpa nafasi ya kuanza. Aliweka vyote mezani mbele yake: taarifa ya lita thelathini, jalada la lita thelathini na sita, chombo cha manjano alichokichukua kwa Fuad, na chupa ya soda.

"Afande, hii ndiyo galoni," alisema, akakigonga chombo. "Kwa muuza petroli, kwa mvuvi, kwa kila mtu wa mji huu anayebeba mafuta. Si kipimo cha kitabuni. Ni hiki. Lita ishirini."

Rashad alikitazama chombo kile. Alikuwa mtu wa hesabu, na Mulki aliona hesabu ikipita usoni pake, hatua kwa hatua, mpaka ikafika mwisho.

"Mia na sitini," alisema.

"Mia na sitini."

"Na mimi ndiye niliyeandika thelathini na sita." Hakumtafuta mtu mwingine wa kumtwisha. Alimgeukia Mwanalima, akavua kofia. "Bibi, nimewatafuta mahali wasipokuwepo."

"Watafute walipo," alisema Mwanalima. "Maneno baadaye."

Akaenda moja kwa moja kwenye ramani ukutani. Visiwa vidogo havikuwa na majina pale, vilikuwa nukta tu. Aliweka kidole juu ya moja.

Kutoka Kismayu wangechukua saa tano na zaidi. Kutoka Kudhaa, saa moja na nusu. Rashad alishika redio mwenyewe. Kituo cha Kudhaa kilijibu mara ya tatu. Mtu wa upande wa pili alisema upepo umepungua tangu asubuhi, boti wanayo, watu watatu wako tayari, ila mafuta hayatoshi kupekua visiwa vitatu.

"Pekueni kimoja," alisema Mulki, akainama kwenye kipaza sauti. "Chenye mchanga upande wa bara. Kwanza hicho."

Boti ya Kudhaa iliondoka saa sita kasorobo. Boti ya doria ya Kismayu iliambiwa isirudi, igeuke kusini.

Kisha ikawa kungoja. Rashad aliagiza chai ya maziwa, hakuna aliyeinywa. Mwanalima aliswali adhuhuri pembeni ya ramani, kwenye koti la Mulki. Mulki alilitumia jalada. Aliandika upya maelezo ya Fuad, neno kwa neno, na kila penye galoni akaandika ni chombo gani, cha rangi gani, kinachukua nini. Aliandika habari ya pipa, mvua na jenereta. Alipomaliza alisoma yote kutafuta kosa. Kulikuwa na moja lililomsumbua: ikiwa galoni moja ya mwanzo ilitumiwa kujaza tangi kabla ya kuondoka, hesabu yote ya saa ingehama. Alimuuliza Mwanalima.

"Tangi alilijaza kwa galoni ya miguuni," alisema Mwanalima. "Hiyo hiyo ya nane. Umeshaihesabu."

Mulki alipumua.

Redio ililia saa saba na dakika ishirini. Mwanzoni kulikuwa na mkwaruzo tu, na upepo, na mtu anayepiga kelele kwa mbali. Kisha sauti ya yule mtu wa Kudhaa ikaja wazi.

"Kismayu, Kismayu. Boti tumeiona. Iko juu ya mchanga."

"Watu?" alisema Rashad.

Mkwaruzo.

"Watu, Kudhaa! Watu je?"

"Wawili. Wako wawili. Wamesimama wanatupungia shuka. Nasema *wamesimama*!"

Kijana wa zamu aliruka akapiga kichwa kwenye feni. Mwanalima hakuruka. Alikaa chini taratibu, palepale alipokuwa amesimama, kana kwamba mtu amemkunja, na machozi yakamtoka bila sauti.

Habari nyingine zilikuja vipande vipande, boti ilipokaribia na redio kupewa wenyewe. Aliyeongea kwanza alikuwa Wardah, sauti imekauka lakini haitetemeki. Sanduku lake lilikuwa na chupa kumi na mbili za maji ya dripu yenye sukari. Walikuwa wakinywa kwa kipimo, kikombe kwa kikombe, asubuhi, mchana na magharibi. Zimebaki mbili. Sabir alishika kaa na samaki wa mwambani. Mkono wake wa kulia alijikata kwa kisu akijaribu kufungua plagi kwa nguvu, lakini Wardah ameushona.

"Inspekta," Wardah alisema, "mimi sirudi Kismayu. Burgao hapa ni karibu. Kuna mwanamke pale mimba yake ya kwanza ilinitia wasiwasi, na siku zake zilikuwa wiki hii. Waambie hawa wanipeleke."

"Umekaa siku tano kisiwani," alisema Mulki.

"Nitalala nikimaliza."

Mulki alimtazama Rashad. Rashad alitikisa kichwa kukubali, akaongeza kwamba boti ya doria iliyokuwa inashuka kusini itamfuata na maji, chakula na mafuta ya boti ya Kudhaa.

Halafu redio ikapewa Sabir. Mulki alimkabidhi Mwanalima kipaza sauti, akamwonyesha pa kubonyeza. Mwanalima alikishika kwa mikono miwili.

"Sabir."

"Mwanalima. Nimesahau spana."

"Nimeiona," alisema.

*

Alasiri hiyo Mulki alikwenda nyumbani kwa Aboud, mwenyekiti wa ushirika, na jalada mkononi. Alimsomea yote, kutoka galoni mpaka mchanga. Aboud alikuwa mzee mkali, mwenye mazoea ya kukatiza watu, lakini hakukatiza. Mwisho aliomba amwonyeshe ile chupa ya maji na petroli. Akaigeuza, akaiangalia, akairudisha.

"Nilisema mbele za watu," alisema.

"Nilikusikia, ami."

Aliondoka naye. Hakumlazimisha. Walikwenda kwa miguu mpaka mlangoni kwa Mwanalima, na kwa kuwa watu walikuwa wanatoka msikitini, wengi waliwafuata. Uani palikuwa pamejaa wanawake tayari. Godoro lililokuwa limening'inia upande mmoja lilikuwa limekunjwa na watu wamelikalia.

Aboud alisimama kizingitini. "Mwanalima binti yangu. Nimemwita mumeo mwizi mbele za wachu, na mbele za wachu nimekuja. Si mwizi. Nilikosea, naomba radhi."

Mwanalima alikuwa anamimina kahawa. Aliimalizia, akaweka birika chini.

"Mimi hukuniita mwizi, ami," alisema bila hasira. "Uliyemwita anateremka kesho asubuhi. Njoo umwambie mwenyewe. Kahawa yangu kunywa, karibu."

Aboud alikinywa kikombe kile akiwa amesimama.

Asubuhi yake boti ya Kudhaa ilipoingia forodhani, Mulki alikuwapo kuchukua maelezo ya Sabir. Alisimama na daftari nyuma ya watu. Burgao walikuwa wamepiga simu alfajiri: mtoto wa kike, mama mzima, mkunga kalala na viatu vyake. Boti ilizima mashine mbali kidogo na mchanga, maji yakiwa kidogo, na Sabir akasimama omo, mwembamba, mkono mmoja umefungwa kitambaa, akitafuta uso mmoja katika nyuso zile zote.

Kabla mke wake hajamfikia, kabla ya mtu yeyote, Aboud alivua makubadhi, akainua kikoi chake, akaingia majini mpaka magotini, akamshika Sabir mkono mzima ili ashuke. Alichomwambia hakuna aliyekisikia, upepo uliyachukua maneno. Lakini ufukweni kila mtu aliona Sabir akimtazama kwa muda, kisha akaweka mkono begani kwake, wakaja pamoja.

Mulki alilifunga daftari. Maelezo yangeweza kungoja mpaka mtu huyu ale.